Nguvu Ipitayo Miteja

Mwaka 1974 Waitaliano wa kampuni ya AGIP walichimba kisima Songo Songo, kisiwa kidogo cha wavuvi mkabala na pwani ya kaskazini ya Kilwa. Walikuwa wakitafuta mafuta. Walichokipata ni gesi, na gesi wakati ule haikuwa na mnunuzi: hapakuwa na bomba wala kiwanda cha kuitumia, na Dar es Salaam yenyewe iliwashwa kwa maji ya mabwawa na dizeli. Kampuni ikapiga hesabu, ikaona hailipi, ikakunja jamvi. Wavuvi wakaendelea na pweza wao na madema yao, juu ya moto uliolala chini ya bahari.

Ilichukua miaka 30 moto huo kufika kwenye mtambo. Nataka kusimulia jinsi ulivyofika, lakini siwezi kuanzia kisimani. Mimi ni mtu wa upande wa pili wa maji hayo, wa Miteja, kwenye barabara kuu ukishaiacha Somanga kwenda kusini, na kwetu habari ya nguvu ni ya kale kuliko bomba. Siku hizi tunasema nishati. Ipo wizara yenye jina hilo. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kulitamka neno hilo maisha yake yote. Yeye alisema moto, kuni, upepo, nguvu. Na nikilifikiria neno lake hilo la mwisho naona pwani ya Kilwa haijawahi kuwa maskini wa nguvu. Imekuwa nayo karne zote. Kilichokosekana ni nguvu hiyo kutua.

Ya kwanza ilikuwa upepo. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba, jahazi la Arabuni au Ghuba lilishuka na pwani hii. Kusi ikiingia baada ya masika, ilimrudisha nahodha kwao. Kilwa ilikaa mwisho wa hesabu hiyo. Ndipo mahali pa mbali zaidi ambapo chombo kiliweza kufika, kikauza, kikanunua na bado kikawahi upepo wa kurudi ndani ya mwaka mmoja. Aliyetaka dhahabu ya Sofala, kusini zaidi, ilimlazimu kungoja msimu mwingine au kuinunua kwa watu wa Kilwa. Utajiri wa masultani wa Kilwa Kisiwani ulijengwa juu ya hesabu hiyo ya upepo, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji katika neema yake.

Ya pili ilikuwa mti. Watalii wanaokwenda kuuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja, huambiwa habari za mawe. Mimi huwaza kuni. Jiwe la matumbawe halishikani na jiwe lenzake bila chokaa, na chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, matumbawe yakawekwa juu, moto ukatiwa katikati, na rundo zima likawaka usiku kucha hadi mawe yalainike. Kisha chokaa huachwa nje kwa miezi ili umande na mvua viikomaze. Kila ukuta wa Kilwa Kisiwani ulimeza msitu wake. Hata upana wa vyumba uliamuliwa na mti: dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali bila kupinda, ndiyo maana nyumba za mawe za Waswahili zina vyumba virefu na vyembamba. Boriti hizo hizo za Rufiji na Kilwa zilipakiwa majahazini karne baada ya karne kwenda kuezeka nyumba za Arabuni, ambako miti ya kujengea ni adimu.

Ya tatu nasita kuiweka katika safu moja na upepo na miti, lakini nikiiacha nitakuwa nimesema uongo. Ilikuwa nguvu za watu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana saini mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi vilitaka mikono ya kulima. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa mlango mkubwa ambao watu wa bara, kutoka pande za Ziwa Nyasa, walipitishwa kwenda kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mpaka biashara hiyo ya baharini ilipopigwa marufuku mwaka 1873. Kabla ya mashine, shamba kubwa liliendeshwa kwa misuli, na misuli hiyo ilipita Kilwa. Haikuacha chochote nyuma ila vijiji vilivyohamwa.

Wajerumani walipokuja walitaka misuli ibaki, lakini ifanye kazi yao. Kuanzia mwaka 1902 watu wa pwani walilazimishwa kulima mashamba ya pamba kwa ujira usiotosha hata kuitwa ujira. Julai 1905, Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Siku za mwanzo kabisa Wamatumbi waliteremka pwani wakaishambulia Samanga, wakaharibu pamba na kituo cha biashara kilichokuwapo. Samanga hiyo ndiyo Somanga ya leo. Mahali hapo hapo, pungufu ya mwaka mmoja tu kutimia karne, bomba la gesi liliibuka kutoka baharini.

Umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, ukihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi wazungu. Mwaka 1931 ukakabidhiwa kwa kampuni binafsi mbili, moja ikiwa TANESCO, na mwaka 1964 serikali ya nchi huru ikazichukua. Kilwa ilikuwa imeshasahauliwa. Kwetu Miteja taa ilikuwa koroboi, kopo lenye utambi, iliyotoa moshi kuliko nuru na kuacha masizi puani mwa mtoto anayesoma. Aliyejiweza alikuwa na chemli. Karabai ilionekana harusini na maulidini tu, na sisi watoto tuliizunguka kama kumbikumbi. Mafuta ya taa yalipimwa dukani kwa kikombe, na masika barabara ilipokatika Rufiji yaliadimika, tukalala na kuku.

Miaka hiyo hiyo kisima cha Songo Songo hakikuachwa kabisa. Shirika la taifa la mafuta, TPDC, lilikirithi na kuchimba vingine hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, safari hii na fedha za Benki ya Dunia, mpaka ikathibitika kwamba gesi iliyopo ni nyingi ya kutosha. Hapo likazaliwa wazo ambalo wazee wa Kilwa bado wanalitaja kwa jina: KILAMCO. Kilwa ingejengewa kiwanda cha amonia na mbolea. Gesi ingetoka baharini, ikageuzwa kuwa urea pale pale, mbolea ingepakiwa melini na mashamba ya nchi yangepata haja yake. Wawekezaji wa Marekani waliingia ubia na serikali, kampuni ikaandikishwa. Bei ya mbolea duniani ikashuka, wakopeshaji wakarudi nyuma, na kiwanda hakikujengwa hata ukuta. Miaka ya 2010 wazo lilirudi na Wajerumani wa Ferrostaal na washirika wao, likitajwa kwa mabilioni ya dola, likayeyuka vile vile.

Naikumbuka KILAMCO kwa sababu ilikuwa mara pekee ambapo mpango mkubwa uliipa Kilwa kazi nyingine zaidi ya kupitisha. Mipango yote iliyofuata ilianza na swali la namna ya kuifikisha gesi Dar es Salaam.

Jibu lilicheleweshwa na kisa cha aibu. Nchi ilikuwa imeegemeza umeme wake kwenye maji: Hale, Nyumba ya Mungu, Kidatu, Mtera. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipokausha Mtera, mgawo ukaingia, na serikali ikatafuta njia ya haraka. Ubungo iliwekewa mitambo iliyochoma mafuta ya ndege huku ikingoja gesi. Kisha mwaka 1995 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya IPTL, kwa mtambo wa megawati 100 wa kuchoma mafuta mazito pale Tegeta. Mtambo huo na mradi wa Songo Songo havikuweza kukaa katika mahesabu ya nchi moja; umeme wa vyote viwili ulikuwa mwingi kuliko mahitaji ya wakati ule na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Benki ya Dunia ikauweka mradi wa gesi kando, kesi ya IPTL ikapelekwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na miaka ikakatika. Gesi yetu ikakaa chini ya bahari kwa ajili ya mafuta ya kununua nje kwa dola. Oktoba 2001 mikataba ya Songo Songo ikatiwa saini, leseni ikiwa ya miaka 25.

Bomba lilipojengwa lilikuwa la kilomita 25 chini ya bahari kutoka kisiwani hadi Somanga Fungu, na kilomita 207 nchi kavu kutoka hapo hadi Ubungo, na tawi la kwenda kiwanda cha saruji Wazo. Ulikatwa mkuza msituni, mashamba na minazi vikahesabiwa, fidia zikalipwa, watu wakaambiwa wasilime wala wasijenge juu yake. Mwaka 2004 gesi ikafika Ubungo. Kwa Dar es Salaam ilikuwa ukombozi wa kweli, na sitaki kuudharau. Mitambo iliyokuwa ikinywa mafuta ya ndege ikawashwa kwa gesi ya nyumbani. Hewa ya ukaa inayotoka kwenye gesi ni karibu nusu ya ile ya makaa ya mawe kwa umeme ule ule. Kabla bwawa la Nyerere kwenye mto Rufiji halijaanza kazi, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa ulikuwa ukitoka kwenye gesi, ya Songo Songo na baadaye ya Mnazi Bay, Mtwara. Kila aliyewasha feni Kariakoo katika miaka ile alipungiwa upepo na Kilwa.

Na Kilwa? Kisiwa kilipata umeme, shule na maji. Somanga Fungu ikajengewa kituo cha TANESCO cha megawati 7.5, ambacho nyaya zake zilielekea Rufiji upande mmoja na Kilwa Masoko upande wa pili, zikipita kwetu. Halmashauri ikawa na haki ya ushuru wa huduma, asilimia 0.3 ya mapato. Nguzo zilisimama kando ya barabara, si kwenye nyumba zetu, na kwa miaka mingi waya ulikuwa kama bomba: ulipita. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ndio uliouteremsha hadi kwenye nyumba kwa ada ya shilingi 27,000. Siku balbu ilipowaka kwa bibi yangu alikaa chini yake akichambua ufuta mpaka usiku wa manane, akasema hajui alivyokuwa akiona zamani. Serikali imekuja kutangaza kwamba vijiji vyote vya nchi, zaidi ya 12,000, vimefikiwa. Kijiji kufikiwa ni jambo moja. Kununua umeme wa LUKU wa shilingi elfu mbili kila wiki, kwa mtu anayeuza ufuta mara moja kwa mwaka, ni jambo jingine.

Watu wa Mtwara walipoona bomba kubwa la kupeleka gesi Dar es Salaam linaletwa kwao, walikuwa wameshajifunza kwa macho. Mwezi Desemba 2012 waliandamana wakisema gesi isitoke, na Mei 22 mwaka uliofuata, bajeti ya wizara ikisomwa bungeni, mji uliwaka moto, jeshi likaingia, watu wakafa. Bomba lilijengwa hata hivyo, kwa mkopo wa China, kilomita 542 zikihesabiwa pamoja na tawi la Songo Songo linaloungana nalo Somanga, na Oktoba 2015 Rais Kikwete akalizindua. Sasa mabomba mawili yanakutana mwendo mfupi kutoka kwetu, moja la inchi 16 na jingine la inchi 36. Watu wa Kilwa hawakuandamana mwaka 2001. Nimewahi kuwauliza wazee sababu, wakanijibu kwamba wakati ule hakuna aliyejua cha kuuliza.

Kipo kisa kingine cha umeme wa Dar es Salaam kilichotufika bila waya. Mwaka 2006 ukame ulirudi, mabwawa yakakauka, na nchi ikaingia gizani, giza lililozaa kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond na kumng'oa Waziri Mkuu Februari 2008. Mwaka huo wa ukame serikali iliamua kuwaondoa wafugaji wa bonde la Usangu na Ihefu, ikisema ng'ombe wao wanaliharibu bonde na kuukausha Ruaha Mkuu, mto unaojaza Mtera na Kidatu. Wapo wataalamu walioonyesha kwamba kilimo cha mpunga na uendeshaji wa mabwawa yenyewe vilikuwa na sehemu kubwa. Wafugaji waliondolewa vivyo hivyo. Wengi walielekezwa kusini, mkoa wa Lindi, na Kilwa ikawa mojawapo ya wilaya zilizowapokea: Wasukuma na Wabarbaig, au Wamang'ati kama tunavyowaita, pamoja na maelfu ya ng'ombe, wakaingia nchi ya wakulima wa ufuta na mihogo ambao hawakuwa na ng'ombe kwa sababu ya mbung'o. Ugomvi wa mashamba na malisho uliofuata umeua watu wa pande zote mbili. Anayewasha taa mjini hawezi kujua kwamba kwa ajili ya taa hiyo mtu alihamishwa Usangu akaja kugombana na jirani yangu. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nirudi jikoni, maana huko ndiko nishati nyingi ya nchi hii inakotumika. Gesi, mabwawa, dizeli, vyote vikijumlishwa ni sehemu ndogo ya moto ambao Watanzania wanauwasha kila siku. Kaya nyingi mno bado zinapikia kuni na mkaa. Miteja ni mafiga matatu na kuni, kwa sababu kuni ni bure kwa mwenye miguu na shoka. Mkaa tunauchoma ili wengine wapikie. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, mwaka mmoja kabla ya gesi, pwani ya kusini ilifunguka kama gunia lililokatwa uzi. Kivuko kilichokuwa kikitubania kila masika kilikuwa pia kikiilinda misitu yetu. Magogo ya mpingo, mninga na mkongo yakaanza kupita mchana na usiku. Utafiti wa shirika la TRAFFIC uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika wilaya hizi sehemu kubwa mno ya ushuru wa magogo, hadi asilimia 96, haikuonekana serikalini. Nyuma ya magogo ukaja mkaa. Januari 2006 serikali iliupiga marufuku nchi nzima, na baada ya wiki chache ikalegeza, kwani Dar es Salaam haikuwa na kitu kingine cha kupikia. Mkaa ni bomba la tatu la Kilwa, na la kwetu linapita juu ya pikipiki na malori badala ya chini ya ardhi.

Sisemi hivi kumlaumu mchoma mkaa. Ninawajua. Kazi yenyewe ni kukata, kupanga, kufukia kwa udongo na nyasi, kuwasha, kisha kulilinda tanuri siku na usiku, maana likitoboka hewa ikaingia, kazi ya wiki nzima inageuka majivu. Mtu haifanyi kazi hiyo akiwa na nyingine. Ni binamu wa tanuri la chokaa la Kilwa Kisiwani: mti wa bara unaochomwa kwa ajili ya mji. Tofauti ni kwamba chokaa ilibaki Kilwa.

Watu wa nje huuliza: gesi iko mlangoni, mbona hampikii? Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani, ambayo haikubali kuwa maji ndani ya mtungi mwepesi. Lazima ipite bombani au ishindiliwe kwa nguvu kubwa kwenye mitungi mizito kama inayofungwa kwenye bajaji za Dar es Salaam. Gesi ya mitungi tunayouziwa dukani Somanga ni nyingine, ya petroli, inayokuja kwa meli kutoka nje. Nyumba zilizounganishwa na gesi asilia jikoni bado ni chache, hasa Dar es Salaam, Mtwara na Lindi. Bomba kuu huwezi kulitoboa ukachota kama mferejini. Linahitaji kituo cha kupunguza msukumo, na kituo kinahitaji mteja mkubwa ili kilipe. Kiwanda cha mbolea kingekuwa mteja huyo. Nyumba 500 za udongo na makuti si mteja kwa hesabu za aliyejenga bomba.

Nimekuwa nikiilinganisha Kilwa na nchi ndogo ya Ulaya ambayo imetugusa kwa namna ya ajabu, Norwei. Ina watu kama milioni 5.5, chini ya mkoa wa Dar es Salaam pamoja na Pwani. Nayo ilipata mafuta chini ya bahari mwaka 1969, miaka mitano tu kabla ya kisima chetu. Umeme wake wa nyumbani, kama sehemu tisa katika kumi, ni wa maporomoko ya maji. Mafuta na gesi inawauzia jirani, kwa mabomba yapitayo chini ya bahari kwenda Ujerumani na Uingereza. Kwa hiyo nayo inapitisha. Lakini iliamua mapema kwamba kinachopita kilipe, ikaanzisha mfuko wa akiba kwa sheria ya mwaka 1990. Mnorwei mmoja anatumia umeme zaidi ya uniti 20,000 kwa mwaka. Mtanzania hafiki 200. Hewa ya ukaa ya Mnorwei kutokana na mafuta, gesi na makaa ni takriban tani saba, na ya Mtanzania haifiki theluthi ya tani. Na katika hesabu za dunia, gesi ya Norwei inayochomwa Ujerumani huandikwa kwenye daftari la Ujerumani.

Norwei hiyo ilisaidia kujenga mabwawa ya Pangani na Kihansi. Mwaka 2008 iliahidi Tanzania kroneri milioni 500 ili ihifadhi misitu na kupunguza hewa ya ukaa, na sehemu ya fedha hizo ilifika Kilwa. Shirika la kuhifadhi mpingo, MCDI, lilikuwa tayari linafanya kazi na vijiji kama Kikole, vilivyopewa mamlaka juu ya misitu yao na kuanza kuuza mpingo wenye cheti cha kimataifa kilichopatikana mwaka 2009. Kwa fedha za Norwei walipima hewa ya ukaa ya miombo ya Kilwa, na walichokiona ndicho ambacho mzee yeyote wa Umatumbi angewaambia: moto. Si shoka peke yake. Moto wa mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, unaua miche na kuunguza miti mikubwa hadi kiini. Moto wa mapema, Mei na Juni, nyasi zikiwa na unyevu, unapita chini kwa chini na kuuacha msitu mzima. Wakaanza kuvifundisha vijiji kuchoma mapema. Naiona kuwa elimu bora kuliko mradi wowote mkubwa uliokuja huku, kwa sababu iliwakuta watu na kiberiti mkononi na ikawaachia kiberiti.

Mwaka 2012, fedha hizo za misitu zikiendelea kutolewa, kampuni ya mafuta ya Norwei, Statoil, ilitangaza kugundua gesi nyingi katika bahari kuu mkabala na Lindi, kisima cha Zafarani. Mkono mmoja ukatulipa tuache mti, wa pili ukaja kutafuta gesi ya kuchoma. Hesabu ya gesi yote iliyogunduliwa nchini sasa ni futi za ujazo trilioni 57. Likong'o, karibu na Lindi mjini, kumetengwa eneo la mtambo wa kuigandisha gesi iwe kimiminika, watu wakalipwa fidia wakaondoka. Mwaka 2021 kampuni hiyo, sasa ikiitwa Equinor, ilifuta vitabuni dola milioni 982 za thamani ya mradi huo. Juni 2022 mazungumzo yakafika kwenye makubaliano ya awali ya mradi unaokadiriwa dola bilioni 42. Mpaka leo wakulima wa Lindi wanasubiri kuona kama utajengwa. Sisi wa Kilwa tuna uzoefu wa kusubiri.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Nyerere ulianza kuzalisha kwenye mto Rufiji, na mitambo yote tisa ilipokamilika mwaka uliofuata nchi ikawa na megawati 2,115 mpya za maji. Mitambo ya Ubungo ya kampuni ya Songas, iliyokuwa ikila gesi ya Songo Songo, ilifika mwisho wa mkataba wake mwaka ule ule wa 2024. Mei mwaka huo serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Siku nne kabla ya uzinduzi huo, Mei 4, kimbunga Hidaya kilikuwa kimeifikia pwani yetu. Wazee waliwahi kusimulia kimbunga cha Lindi cha 1952, sisi tukidhani ni ngano. Mvua ilishuka Kilwa kama iliyofunguliwa mlango. Barabara ilikatika Somanga na Mikereng'ende, madaraja yakaondoka, na kusini yote ikatengana na Dar es Salaam. Mabasi yakapanga mstari pande zote mbili za maji, wasafiri wakalala humo na watoto wao, maji yakiunguruma pale pale ambapo Wamatumbi waliteremka mwaka 1905 na bomba likapanda nchi kavu mwaka 2004.

Mtungi wa gesi wa bibi yangu, zawadi ya mjukuu, ulikuwa umekwisha, na lori la kuleta mwingine lilikuwa ng'ambo ya maji hayo. Kuni zote za kijiji zililowa. Alitafuta kwa siku mbili, kisha akafumua uchanja wa zamani wa kuanikia mihogo, akavunja miti yake iliyokauka moshini, akaweka sufuria juu ya mafiga.